Radhi Niliyoitoa kwa Haraka

Jirani yangu wa chini ana magoti mabovu, na hapandi ngazi bila sababu. Asubuhi ile ya Jumamosi nilimsikia anapanda, anapumzika, anapanda tena. Nilikuwa napiga pasi kitambaa cha altare, jasho linanitoka, kichwa kimejaa somo nililotakiwa kulifundisha kesho yake kanisani. Alipobisha hodi, neno la kwanza lililonijia halikuwa karibu. Lilikuwa: sasa huyu naye anataka nini?

Nyumba yetu ni moja ya zile nyumba kongwe za Mji Mkongwe zenye watu wa kila namna. Sisi Wakristo tunakaa juu, wao Waislamu wanakaa chini, na mlango wa barabarani ni mmoja. Toka nikiwa mtoto namwita Mama wa Chini, na wanawe walimwita mama yangu Mama wa Juu. Mama yangu sasa ni marehemu, mwaka wa sita huu. Nimebaki peke yangu huku juu, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwalimu wa kina mama kanisani, na mtu ambaye hajapata kutulia mahali pamoja toka kuzaliwa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzima?"

"Mzima."

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila ya kuvua buibui. "Jumatano nnakwenda Makka, inshallah," alisema. "Nimekuja kutaka radhi. Tumeishi nyumba moja maisha, na ulimi hauna mfupa. Na kuna jambo moja hasa ambalo mimi..."

"Nshakusamehe, mama," nikasema. "Duniani na akhera."

Kwetu anayekwenda kuhiji hupita kwa ndugu na majirani kutaka radhi, na haki ya jirani haiulizi dini. Jibu lake hata mtoto analijua: nimekusamehe duniani na akhera, nawe nisamehe. Lina nusu mbili. Mimi nilitoa nusu ya kwanza, ya pili nikaimeza. Alisubiri kidogo. Akaitazama pasi iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Haya, mwanangu. Mungu akulipe," akasema, akanyanyuka na magoti yake, akateremka.

Hajafika chini, nami nshajua kwamba nimesema uongo. Nilimsamehe kama mtu anavyomkaribisha mpita njia chakula huku akimuomba Mungu yule mtu ajibu kwamba ameshakula. Mama wa Chini alikuwa anakwenda kusimama mbele ya Mola wake na radhi yangu mkononi, na radhi yenyewe haina kitu ndani. Niliirudia pasi. Kitambaa cha altare kikaungua pembeni.

Sina budi kueleza kilichokuwa baina yetu, na kwanza nitakieleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watu.

Wakati ule nilikuwa kazini katika hoteli moja ya Matemwe, msimamizi wa wasafisha vyumba. Siku tano niko huko, siku mbili niko mjini. Mama alikuwa na maradhi ya moyo, na siku nisizokuwapo Mama wa Chini ndiye aliyekuwa akimpandishia uji na kumpa dawa. Asubuhi moja nilipiga simu ya mama, akapokea yeye. Nikauliza, mama hajambo? Akajibu, hajambo. Nikarudi kwenye mashuka yangu. Saa kumi jioni nikapigiwa mimi, na nilipofika mjini, adhana ya magharibi inaadhiniwa, mama yangu ameshafunikwa.

Kutoka Matemwe hadi mjini si safari. Ningeambiwa asubuhi, adhuhuri ningekuwa nimemshika mkono. Padri angeitwa, angempa sakramenti. Hayo yote niliyakosa kwa neno moja, hajambo. Hajambo gani ya mtu aliyekuwa akikata roho?

Sikugombana naye, mimi si mtu wa magomvi. Nilimwekea kinyongo cha kistaarabu. Shikamoo nilimpa kila siku. Krismasi nilimteremshia sahani ya keki, sikukuu yake akanipandishia pilau. Lakini chumbani kwake, mahali nilipolelewa nusu ya utoto wangu, sikuingia tena. Akiniita kutoka mlangoni, jibu langu lilikuwa lile lile: naam mama, nnarudi sasa hivi. Nikapita.

Na lililo baya zaidi ni hili. Kuna Jumapili nilisimama mbele ya kina mama wa kanisani nikatoa ushuhuda. Nikasema jirani yangu alinidanganya, nikamkosa mama yangu, lakini Bwana amenijaalia neema na nimemsamehe. Wakapiga vigelegele. Mmoja alinikumbatia huku analia. Niliteremka pale nimevimba kichwa kwa huo usamehevu wangu, na baada ya muda si mrefu wakanichagua kuwa mwalimu wao.

Basi Jumapili hii, siku ya pili baada ya radhi ile, nilisimama kufundisha. Somo lilikuwa uzima. Nilikuwa nimelitayarisha wiki nzima na nilijiona nimelipata hasa. Nikawaambia kina mama, tazameni neno letu hili moja lilivyojaa. Mzima ni aliye hai. Mzima ni asiyeumwa. Mzima ni kitu ambacho hakijavunjika wala kupungua. Na mtu mzima ni yule aliyekua akaacha ya kitoto. Mungu, nikasema, anatutaka tuwe wazima kwa maana zote nne. Walitikisa vichwa, nami nikapata moto.

Nikawachukua mpaka kwa yule mwanamke wa kwenye Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akapenya katika umati akagusa vazi la Yesu. Nikaeleza imani yake, nikaeleza mkono wake. Hapo bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, ambaye kwa kawaida somo langu humpatia usingizi mzuri, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mie nauliza. Yule mama si keshapona pale pale alipogusa?"

"Keshapona, bibi."

"Sasa Yesu akimtafutia nini tena? Si angemwacha ende zake?"

Nilifungua mdomo kujibu. Jibu nilikuwa nalo, maana nilikuwa nimelisoma usiku wa kuamkia siku ile: alimtafuta ili ajitokeze mwenyewe, aseme kweli yote mbele za watu, na alipokwisha kuisema ndipo alipoambiwa aende zake akiwa mzima. Damu ilikatika alipogusa, uzima akapewa aliposema. Nililijua jibu neno kwa neno. Halikutoka. Wale kina mama walikuwa wananitazama, na yule aliyenikumbatia siku ile yuko mstari wa mbele ananitabasamia.

"Tutaliendeleza wiki ijayo," nikasema, nikafunga daftari.

Siku hiyo sikukaa. Nilikwenda Darajani kununua nazi nikarudi na sabuni. Nikafua mapazia yaliyokuwa safi. Nikatoka tena, nikazunguka vichochoro mpaka nikatokea baharini, nikarudi, na kila nikipita mlangoni kwa Mama wa Chini nilikuta viatu vya wageni wanaokuja kumuaga. Nilijiambia, wamejaa, nitakwenda baadaye. Ukweli ni kwamba nilivishukuru vile viatu.

Jumatatu niliona nitapata wazimu. Nikamfuata padri wetu Mbweni, kwenye kanisa la zamani la misheni. Bibi yangu alizaliwa jirani na hapo, lakini siku hiyo sikuwa na habari ya mababu. Padri nilimkuta nje, kanzu ameipandisha mpaka kiunoni, ameshika ngazi ya fundi anayeziba bati.

"Padri, nataka kuungama."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi."

Ni kijana wa bara, mpole, na umri wake ni wa mwanangu kama ningekuwa na mwana. Alimpa fundi mwingine ile ngazi, tukakaa kwenye baraza ya kanisa. Nikamweleza yote kama nilivyozoea kueleza: Matemwe, simu, hajambo, magharibi, kisha radhi ya uongo ya Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "umekuja kuungama au umekuja kumshitaki jirani yako?"

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia nilikuwa nafundisha katekisimu yeye hajazaliwa. Lakini hakunipa nafasi.

"Alisema hajambo. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Mimi si mtu wa hapa. Lakini nina miaka minne Unguja, na nimezuru wagonjwa wengi. Sijapata kusikia mtu wa hapa akaulizwa hali ya mgonjwa akasema hajambo, akanyamaza. Huwa kuna kitu kinafuata."

Anayesoma haya naye huenda alikuwa amekwisha kuliona, maana ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kuwa pumzi zinahesabika, na ukiuliza hali yake utaambiwa kwanza hajambo. Ni adabu. Habari mbaya haitupwi usoni mwa mtu kama maji machafu. Unampa kwanza hajambo apate pa kukaa, kisha ndipo unamwambia: lakini. Hajambo ni mlango tu, habari yenyewe iko ndani. Mzaliwa wa hapa hawezi kudai kwamba halijui hilo.

"Alisema lakini," nikamwambia padri.

Miaka sita sikuwa nimelitamka. Mama wa Chini alisema, "Hajambo, mwanangu, lakini..." na nililisikia vizuri, na nilisikia hata jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kuendelea. Nikasema, "Haya mama, ntakuja kesho kutwa," nikakata simu. Kundi la wageni lilikuwa linaingia adhuhuri na mashuka hayakutosha, hilo ni kweli. Lakini si mashuka yaliyonikatisha simu. Niliogopa. Nilijua nikiliacha lile neno litoke lote, siku yangu itasimama, na maisha yangu yatasimama, nami sijui kusimama. Nikalikata. Kisha nikachukua kosa lile nikamtwika yeye, nikalipamba, nikalipeleka kanisani likapigiwa vigelegele.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nilizikusanya pole za mji mzima.

Nililia pale barazani bila ya kujificha, na mafundi wakajitia kutazama bati. Padri hakunihubiria. Aliningoja nipanguse uso, kisha akauliza ndege inaondoka lini.

"Keshokutwa."

"Basi kesho," akasema. "Ukishazungumza naye, njoo tumalize sala ya maondoleo."

Jumanne niliteremka mapema, lakini wenzangu walikuwa wameniwahi. Kulikuwa na dua ya kumuombea safari, na chumba cha mbele kimejaa wanawake, ua umejaa masufuria. Nikawekewa sinia la vitunguu thumu mapajani kabla sijasema kitu. Nilimenya. Kila nikinyanyuka kumfuata chumbani, mmoja wao ananiuliza, "Wenda wapi we, kaa!" na mwingine ananiongezea thumu. Nilimenya mpaka vidole vikawa vinaniwasha. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na mwili wangu wote unataka kukimbia, lakini safari hii kwa mara ya kwanza haukutaka kukimbilia nje.

Dua ikasomwa, watu wakala, wakaanza kupungua. Ikapita alasiri. Ndipo nikasikia sauti yake kutoka ndani.

"We wa juu!"

"Naam!"

"Njoo unifungie begi hili, zipu imegoma."

Nikaingia. Kitanda chake kilikuwa pale pale pembeni, na ukutani ile ile saa yake isiyosema kweli. Begi lilikuwa chini, limefura, kanga na ndara zimetokeza. Nikapiga magoti kulikandamiza, yeye akakaa juu yake kwa uzito wake wote, nikaanza kuivuta zipu kidogo kidogo.

"Mama," nikasema, "Jumamosi nlikudanganya."

"Najua."

"Wajua?"

"Radhi haitolewi na pasi mkononi, mwanangu. Vuta hapo kwenye kona."

Niliiacha zipu. "Siku ile ya mama ulisema lakini. Nlisikia. Nikakata simu makusudi. Kisha nikawaambia watu wewe ndiye ulonidanganya. Nimesema hata kanisani, mbele za watu, nikajifanya nimekusamehe." Nikainua uso, nikamtazama. "Jumapili ntasimama niwaambie kweli. Lakini kwanza nakuomba radhi wewe. Nisamehe, mama."

Alishika kona ya mtandio wake akaifuta midomo, na mimi magotini pale niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa kanisani, maana yeye alikuwa na haki ya kusema hapana.

"Kanisani pia?" akauliza.

"Kanisani pia."

"Alaa." Akatikisa kichwa. Kisha akasema polepole, neno moja moja, "Nimekusamehe. Duniani na akhera. Sasa na mimi nisikilize, tena leo usinikate."

Nikakaa chini.

"Siku ile, pale mimi nnasema nawe kwenye simu, mama yako alikuwa kanitumbulia macho. Ulipokata akaniuliza, anasemaje? Sikuweza kumwambia. Nikamwambia, yumo njiani, anakuja." Akaiweka sawa kanga iliyotokeza begini. "Nlimwambia uongo mtu anaekata roho. Toka saa tatu mpaka alasiri, mlango wa chini ukilia tu, anafungua macho. Nnaswali, naomba, lakini hii haki ya mja, Mungu hanisamehe mpaka mwenyewe anisamehe. Yeye simpati tena. Umebaki wewe. Ndilo nlilolipandia ngazi Jumamosi."

Nami nikamsamehe hajalisema. Nilikuwa nimemkata kwa mara ya pili.

"Miaka sita, mama. Mbona hukunambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Kila nikikuita wapita. Nnarudi sasa hivi, nnarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi yako ndiyo leo."

Sitajifanya malaika. Kwanza nilichukia. Nilimuona mama yangu amelala pale juu anausikiliza mlango kutwa, na anayeingia si mimi, na nikatamani asingeambiwa kitu. Kisha nikafikiri yale mengine. Angeambiwa nini? Kwamba mwanao wa pekee amelisikia neno akalikata? Huyu mwanamke alibeba uongo kwenye ulimi wake ili mama yangu asife na ukweli wangu. Mimi nilisema uongo kujisafisha, yeye alisema uongo akajichafua, na miaka sita anaulilia kwenye mswala.

"Nimekusamehe," nikamwambia. Sikuongeza duniani wala akhera. Nilitaka kuona kama neno litasimama peke yake, na lilisimama. Alinyanyua mikono yake miwili akajipangusa uso kwayo, kama watu wanavyofanya dua inapomalizika.

Tulikaa. Ua ulikuwa umenyamaza, na zipu ilikuwa nusu bado wazi. Kulikuwa na kitu nilichotaka kukiuliza na nilikiogopa, lakini nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Ulipomwambia nakuja, alisema nini?"

Mama wa Chini akacheka kidogo, machozi yako mashavuni. "Alisema, akifika mwambie asipande ngazi mbio, ataanguka."

Salamu zile zilikaa chumbani mle miaka sita zikinisubiri, na kila siku ya Mungu nilipita mlangoni pake mbio.